Mkwe Niliyemgeuzia Uso

Bujonde, Kyela

Mwanangu Sekela,

Ugonile, mwanangu. Barua hii nimemwomba mama yako aitie chini kabisa ya sanduku lako, chini ya blanketi, mahali ambapo mkono wako hautafika mpaka siku utakapotandika kitanda chako huko Kigoma. Sasa hivi uko kwa jirani unasukwa nywele, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa nilipo. Basi lako ni kesho alfajiri. Nimejifungia chumbani kama mwizi, naandika haraka kabla hujarudi.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala na dirisha wazi, mama yako ameshayasema, na atayarudia mpaka mguu wako uwe kwenye ngazi ya basi. Mimi sina ya namna hiyo. Nina neno moja tu, na neno lenyewe ni la aibu.

Jana tulipokuwa tunakula ulisema, "Baba, nikishaizoea kazi, nitamtafuta wifi Luzia. Ofisi ya kule kambi ya wakimbizi si inaandikiana na za Malawi na Msumbiji? Nitawaeleza kwamba hapa kwetu hakuna aliyemkataa. Ni mila tu ilimfunga Baba mdomo." Mama yako akaitikia, "Kweli kabisa, mwanangu." Mimi nikainamia sahani, nikasema mchuzi umezidi chumvi. Mchuzi haukuzidi chumvi, Sekela. Nilitafuta tu pa kuweka macho.

Mila haikunifunga mdomo. Nilijifunga mwenyewe. Nimekuacha uamini vingine tangu ukiwa darasa la sita, na sasa unataka kuubeba uongo wangu ukausimulie ofisini kwa watu, kwa moyo safi, ukiniombea radhi ambayo sistahili. Hapo ndipo nimeona nisipoandika leo sitaandika tena.

Naanza na kaka yako. Unamkumbuka Asajile alivyokuwa: mdomo mwepesi, miguu myepesi zaidi. Ruksa ilipokuja, maduka yakaanza kupata sabuni na watu wakaanza kufanya biashara bila kujificha, yeye alikuwa wa kwanza kuvuka mto Songwe kuingia Malawi na magunia ya mchele, anarudi na sukari na mablanketi. Nikimwambia atulie ashike jembe, ananijibu, "Baba, jembe halina magurudumu." Akaenda mbali, mpaka kusini kabisa mwa Malawi, na huko ndiko alikomkuta Luzia. Luzia alikuwa mtu wa Msumbiji. Vita viliwatoa kwao akiwa msichana, akakulia kambini. Akaja naye hapa siku moja mchana wa jua kali, mimba imeshaonekana, bila barua wala mshenga wala ng'ombe hata mmoja aliyetoka zizini kwangu kwenda kwa wazazi wake. Wazazi wenyewe hakuwa nao, ng'ombe wangeenda kwa nani?

Nikanung'unika. Lakini mama yako akampenda siku ileile, akaanza kumfundisha mambo yetu, na kubwa kuliko yote, heshima ya mkwe. Wewe umekua kisasa, unaicheka, lakini uliiona. Mke wa mwana haangaliani na baba mkwe. Wakikutana njiani, yeye anaingia majanini na kufunika uso mpaka mzee apite. Hali chakula mbele yake. Jina la mzee halitamki, hata kama ni jina la mtu mwingine kabisa.

Loo, yule binti aliishika! Mabinti waliozaliwa hapahapa Bujonde walikuwa wanachapia, wananisalimia uso kwa uso kama makarani, lakini yeye wa kuja, akisikia kikohozi changu tu, ameshatumbukia kwenye mpunga mpaka magotini na ndoo ya maji kichwani. Wanaume wenzangu waliniambia, "Wewe una mkwe." Nikavimba. Nakwambia nilivimba kweli, nikawa nakohoa hata pasipo na sababu.

Na kwa kuwa hatukuweza kusemezana, wewe ndiye uliyekuwa mdomo wangu kwake. "Sekela, mwambie wifi yako maji ya kuoga yamepoa." Naye yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno, anasubiri uende umwambie. Ukiwa shule, nilisema na kuku. "Wewe kuku, ungejua mwenye nyumba hii ana kiu." Baada ya muda nakuta kikombe nje ya mlango, na huko jikoni mtu anajizuia kucheka. Ndivyo tulivyoishi, na kusema kweli tulipendana kwa namna yake.

Kumbuka hilo la kuku, nitalihitaji mbele.

Mtoto alipozaliwa, Asajile akampa jina langu, Gwakisa. Furaha yangu uliiona. Lakini mama yake angemwitaje? Jina la mtoto lilikuwa jina la mkwe. Kwa hiyo akamwita Babu. "Babu, njoo unywe uji. Babu, acha kula udongo." Tulicheka mpaka machozi, kile kitoto kinatambaa uchi na kinaitwa Babu. Mimi nikaona ni heshima kubwa, kwamba hata mwanawe wa kumzaa anashindwa kumwita kwa ajili yangu.

Kisha Asajile akaugua. Alikonda, akakohoa, akaisha. Unajua ugonjwa wenyewe, na hapa kijijini hakuna aliyethubutu kuutaja, lakini kila mtu aliujua. Luzia alimuuguza peke yake. Mama yako alisaidia, lakini usafi wote wa mwili wa kaka yako ulipita mikononi mwa Luzia. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, namuuliza hali, naondoka.

Tulipomzika, maneno yakaanza. Kilabuni, kanisani, hata kwenye foleni ya kuuza kokoa. Yule wa kuja ndiye aliyemletea. Huko makambini nani anajua waliishije. Nami nikayapokea, mwanangu. Sikuyakataa hata moja. Nilimjua mwanangu, nilijua alivyozunguka miji ya watu miaka mingi kabla hajamwona huyu binti, lakini ni vigumu kumkasirikia maiti wako. Hasira ikatafuta mtu aliye hai. Nikaanza kukitazama kikombe alichoniwekea mlangoni, nikawa namwaga maji mgombani na kukirudisha kitupu. Yeye akidhani nimekunywa.

Ndipo habari ikaja. Vita vya Msumbiji vimekwisha, na serikali yetu, ya Malawi na ya kwao Msumbiji zimekubaliana na shirika la wakimbizi kwamba watu warudi makwao kwa hiari yao. Waliokuwa wamevuka mpaka kuingia huku kwetu waandikwe, wapelekwe upande wa pili waungane na wenzao, kisha wasafirishwe mpaka vijijini kwao. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango. Kwangu alisema wazi: "Mzee, mkweo asiwe na wasiwasi. Aliyeolewa akitaka kubaki atabaki. Kinachotakiwa ni mtu wa nyumba asimame pale aseme, huyu ni wetu. Basi."

Unaona walivyorahisisha? Mtu wa nyumba asimame.

Siku yenyewe wewe ulikuwa shule. Mama yako alikuwa Matema anamuuguza dada yake. Kwenye uwanja wa mpira waliweka meza na turubai. Nimesikia vijana wa siku hizi wanawasema wale maofisa kwamba walikuwa wakatili, wanafukuza watu kama mbuzi. Si kweli, na wewe unayekwenda kufanya kazi hiyohiyo usiamini. Alikuwapo afisa wa wilaya yetu, mtu wa Tabora huko, hajui mila zetu. Alikuwapo mwenzake wa ng'ambo ya Songwe. Alikuwapo dada mmoja Mzungu wa shirika, kijana kama wewe, pua imebabuka kwa jua. Waliuliza kwa adabu na hawakuwa na haraka.

Nimewaambia ninyi nyote, miaka yote hii, kwamba nilikuwa nyuma kabisa na sikusikia kitu. Nilikuwa mstari wa pili. Nilisikia kila neno.

Luzia alikuja na mtoto mgongoni. Akasema kwa Kiswahili chake kizuri tu kwamba ana kwake, hataki kuondoka. Yule afisa akasema, "Vizuri, mama. Mume wako?" Akasema amefariki. "Jina la baba wa mume?"

Akageuka, macho yake yakatafuta kwenye umati.

"Mama, jina la mkweo nani?"

Alikuwa ameniona. Alipogeuka kunitafuta aliniona, na palepale akashusha kanga usoni, kama nilivyofurahia afanye miaka yote. Afisa akauliza mara ya tatu. Akajibu chini ya kanga, "Siwezi kumtaja." Watu wa kwetu walielewa. Yule wa Tabora alielewa kwamba hamjui. Akajaribu njia nyingine, maana nakwambia alikuwa anamtafutia mlango: "Haya, mtoto anaitwa nani?"

Naye mtoto jina lake ni langu. Akasema, "Babu."

"Babu? Huyu mtoto mdogo hivi anaitwa Babu?" Vijana waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Yule dada wa shirika akamwinamia mwenzake akamnong'oneza, nikaona sura yake imebadilika, kama anajiuliza kama mtoto ni wa Luzia kweli. Afisa akasimama, akapaza sauti, "Kuna mtu hapa anayemfahamu mama huyu? Kuna wa nyumba yake?"

Majirani wote walikuwapo, Sekela. Na wote walinitazama mimi. Hakuna ambaye angesema kabla yangu, maana mwenye nyumba alikuwapo, na kumtangulia mwenye nyumba kwetu ni kumtukana. Walingoja. Na mimi nikageuza uso, nikatazama magoli. Wakadhani nashika heshima ya mkwe. Nilitaka wadhani hivyo. Moyoni nilikuwa nasema: hakuna ng'ombe aliyetoka, kwa hiyo si mke. Amemmaliza mwanangu. Aende na ugonjwa wake.

Nilikula heshima ya mkwe miaka ile yote, na ilipofika zamu yangu ya kuwa mkwe nikakumbuka ng'ombe. Jamani! Ningekuwa sikuitaka ile heshima tangu mwanzo, afadhali.

Balozi alinijia baada ya pale, amekasirika, mate yanamruka. "Mzee, umefanya nini? Ungeninong'oneza mimi tu! Ungemtuma mtoto yeyote!" Nikamwambia mila. Akanitazama. Akasema, "Mila? Wewe unayesema na kuku?" Akaondoka, na mpaka amekufa hakula tena kwangu. Ulikuwa unaniuliza kwa nini balozi haji siku hizi. Ndiyo hiyo.

Alikuwa na haki. Heshima yetu haijawahi kumwacha mtu afe kwa kukosa msemaji. Ina njia zake za pembeni, nyingi, na mimi nilizijua zote kwa ajili ya maji ya kuoga na chumvi.

Lori lililowabeba liliondoka mchana uleule. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya kwetu, sijui nilitaka kuona nini. Lilipofika usawa wangu Luzia akaniona tena. Wenzake walikuwa wanapunga mikono, wanalia, wanaita watu. Yeye akageuka akanipa mgongo, akafunika uso, akainama mpaka lori likapita. Aliniheshimu mpaka mwisho, baada ya kile nilichomfanyia. Mtoto ndiye aliyekuwa ananitazama, maana alikuwa mgongoni, na uso wake ndio uliobaki upande wangu. Nimeuona uso ule kila nilipomwona mtoto wa umri wake, na sasa lazima ameshakuwa mvulana wa kwenda shule, sijui nitamtambuaje.

Mama yako aliporudi kutoka Matema alilia siku nyingi. Akaniuliza, nikamjibu mila. Wewe ukaniuliza, nikakujibu mila. Ulikataa kula, unakumbuka? Ulisema ungekuwapo ungemsemea. Nami nikakukaripia, nikakuambia mtoto haingilii mambo ya wakubwa. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana ulikuwa unasema kweli tupu.

Nikwambie jambo jingine ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa kijana nilikwenda kwenye migodi ya kusini, kama wengi wa hapa. Njiani nilipoteza karatasi zangu, na kwenye kituo kimoja msimamizi akanitoa kwenye mstari, nikajua nimekwisha. Mtu mmoja mzima, mgeni kwangu kabisa, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mwache huyo, ni mdogo wangu." Akasogea nikakaa kando yake. Sikuwa mdogo wake. Hata kabila lake silikumbuki, wala sikupata kumshukuru vizuri, tulitenganishwa keshoye. Nilikula matunda ya neno lile miaka na miaka, nikaoa, nikajenga, nikazaa ninyi. Na lilipohitajika kwangu neno kama lile, tena la kweli, si la kubuni, likanishinda.

Mwezi uliopita, ulipopata kazi hii, sikwenda Mwaya kutazama mbuzi kama nilivyoaga. Nilivuka Songwe. Nilikwenda kwenye ofisi inayoshughulika na mambo ya wakimbizi upande wa pili, nikakaa kwenye benchi na watu wengine wanaotafuta watu wao. Kijana wa pale akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamtaja. "Ni nani wako?" Nikasema, "Mkwe wangu." Akatazama makaratasi yake, akaniuliza kwa upole tu, hakuwa na ubaya, "Alipoondoka hakuwa na mkwe. Imekuwaje?" Nikasimama, nikaaga, nikarudi. Njia nzima nilikuwa najiambia huyo kijana hana adabu. Maskini, alikuwa na adabu kuliko mimi.

Mama yako nimemweleza leo asubuhi, ulipokwenda sokoni. Kila kitu, mpaka yale maji niliyokuwa namwaga mgombani. Alinipakulia chakula, akakifunika, akaenda kukaa nje. Bado yuko huko nje. Kwa hiyo kama umeona tuna nyuso za ajabu katika kukuaga, si kwamba tunagombana juu yako.

Najua unajiuliza kwa nini sikukuita tukae, nikakwambia uso kwa uso. Ndivyo nilivyo. Hata leo natafuta ukuta wa kusemea nyuma yake. Ila nimeona afadhali kusema nyuma ya ukuta kuliko kunyamaza tena.

Sasa sikiliza, maana haya utayahitaji. Ukimtafuta mtoto kwa jina la Gwakisa hutampata kamwe. Nilisikia kwa masikio yangu lilivyoandikwa. Afisa alitikisa kichwa akaandika alichoambiwa: Babu, mwana wa Luzia. Hakuna baba, hakuna babu, hakuna kijiji. Tafuta mwanamke wa Msumbiji aliyetoka upande wa Kyela na mtoto mmoja wa kiume anayeitwa Babu. Nadhani hawako wengi. Yule kijana wa ng'ambo aliniambia nilipokuwa naaga kwamba ofisi za nchi hizi zinapeana habari za waliopotezana, mradi anayeuliza aeleze kweli tupu jinsi walivyotengana. Kweli tupu ndiyo hiyo hapo juu. Itumie yote, usinihurumie. Wakitaka barua hii waione, waonyeshe.

Na huko kazini, mtu akisimama mbele ya meza yako akanyamaza, usiniulize mimi ufanye nini, sina haki ya kukufundisha. Wewe ulikuwa mdomo wa watu wawili tangu utotoni, unajua zaidi.

Ukimpata Luzia, muulize kwanza kama anataka kupatikana. Akisema hapana, mwache kwa amani, na mimi usiniandikie aliko. Pengine ameolewa, ana watoto wengine, hataki kusikia habari za Bujonde. Ni haki yake. Usimwambie arudi, na usimwambie nimezeeka, nisije nikaonekana naomba kwa mvi. Kama ni mzima wa afya, hilo tu niandikie, neno moja linatosha: mzima. Na mtoto pia, kama anasoma.

Nimesikia mlango wa jirani, umeshamaliza kusukwa. Ndaga fijo, asante sana mwanangu, kwa kunipenda nilipokuwa sistahili, na kama ukishaisoma hii hutaweza tena, nitaelewa.

Lakini akikubali kuonana nawe, mfikishie hili kutoka kwangu, kama ulivyokuwa unanifikishia zamani. Baba mkwe ana uwezo wa kumfungulia mkwe jina lake, akawa huru kulitamka. Mama yako atakuthibitishia. Mwambie nimelifungua. Si la kukwepa tena. Amwite mwanawe kwa jina alilopewa na baba yake. Na kama akitaka kulitamka kwa kunilaani mimi, alitamke kwa sauti, na wewe uliyesimama hapo usimnyamazishe.

Mimi baba yako,
Gwakisa